Taa za sola bustanini, Mombasa: hesabu ya masika na vita na chumvi

Mombasa haina uhaba wa jua. Kinachoua taa za sola huku ni masika na chumvi. Taa hununuliwa Januari, kaskazi inavuma na anga halina wingu, zikawaka mpaka alfajiri na kila mtu akafurahi. Ikifika Mei, mvua siku tatu mfululizo, taa zilezile zinazima saa tatu usiku. Ukizifungua mwaka wa pili unakuta springi za betri zimeliwa na kutu na nyaya zimeota kijani. Kwa hiyo mpango wote ufuatao umepigiwa hesabu mwezi wa Mei, na kila kifaa kimechaguliwa kama vile kitakaa mita mia moja kutoka baharini, hata kama uko Tudor au Mikindani.

Anza na giza

Kabla ya kununua chochote, zima taa zote za nje usiku mmoja, subiri dakika kumi macho yazoee, kisha tembea uani kama mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza. Chukua tochi mbili tatu na uziweke chini pale unapofikiria kuweka taa. Utashangaa jinsi sehemu nyingi zisivyohitaji taa. Zinazohitaji ni ngazi, kona za njia, tundu la kufuli la geti, baraza, na pale penye shimo la maji machafu au kisima. Mti mmoja mzuri, mwembe au mlangilangi, ukimulikwa kutoka chini unaipa bustani uhai kuliko taa kumi zilizopangwa mstari kama uwanja wa ndege.

Taa za njia zikae mita 2 hadi 2.5 kutoka moja hadi nyingine, kwa kupishana kushoto na kulia, urefu wa sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, mwanga ukielekea chini. Taa ya geti iwe juu kiasi cha mita 2.5, imulike uso wa anayebisha hodi, si macho ya anayechungulia kutoka ndani. Kosa la kawaida ni kuifunga juu ya mlango wa nyumba ikitazama geti: mgeni anakuona wewe, wewe humwoni.

Rangi ya mwanga nunua 2700K hadi 3000K, ile ya manjano kama ya balbu ya zamani. Mweupe wa buluu huvuta wadudu, wadudu huvuta mijusi, na mijusi huacha kinyesi kwenye kioo. Kama kiwanja chako kinapakana na ufuo, jambo hili ni zito zaidi. Vifaranga wa kasa wakitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ni bahari, na taa yako ikiwaka kuliko bahari watakuja kwako na kufia kwenye nyasi. Upande huo tumia taa za rangi ya kaharabu, zenye kofia, ziwe chini ya usawa wa ukuta, na zizimwe mapema.

Hesabu ya nguvu

Chukua mfano wa kiwanja cha futi hamsini kwa mia. Usiku wa Mombasa ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasorobo. Kwa hiyo hakuna taa ya kuiwasha usiku kucha isipokuwa ina sababu.

Taa sita za njia, wati 3 kila moja, kwa saa nne: 18 × 4 = wati-saa 72.
Taa mbili za baraza, wati 5, saa nne: 40.
Taa moja ya mti, wati 5, saa nne: 20.
Taa ya geti, wati 7, usiku kucha: 84.
Taa mbili za usalama za wati 10 zenye sensa ya mwendo, tuseme jumla ya saa moja kila usiku: 20.

Jumla ni wati-saa 236. Angalia taa ya geti: wati 7 tu, lakini ndiyo inayokula kuliko zote, kwa sababu hailali. Ukiona hesabu inakuzidi, anza kupunguza hapo. Sensa ya mwendo kwenye geti pekee itakuokolea zaidi ya robo ya mfumo mzima.

Sasa betri. Iweze kuvuka usiku mbili bila jua la maana: 236 × 2 ni 472, ongeza upotevu kidogo ifike 500. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 unaweza kuitumia asilimia 80 bila kuiumiza, hivyo 500 ÷ 0.8 = 625. Ukigawa kwa volti 12.8 unapata takriban ampea-saa 49. Nunua ya 50Ah. Ukitaka betri ya maji au ya jeli, usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo utahitaji wati-saa 1,000, na inayofaa dukani itakuwa ya 100Ah. Ya gari usiiguse. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache wakati wa kupiga stata, na ukiishusha kila usiku haitamaliza mwaka.

Paneli hupigiwa hesabu kwa saa za jua kamili, yaani jua la siku nzima likikusanywa kana kwamba linawaka kwa nguvu zote, si saa za mchana. Kwa miezi mibaya ya masika tumia saa 4. Kisha ondoa asilimia 30 kwa joto, vumbi, waya na kuchaji. Joto peke yake si mchezo: paneli hupoteza kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na juu ya mabati adhuhuri paneli hufika nyuzi 60 bila taabu. Hapo zaidi ya sehemu moja kwa kumi imeshapotea.

Paneli ya wati 100 itatoa 100 × 4 × 0.7 = wati-saa 280. Inaonekana inatosha, kwani unahitaji 236. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Baada ya siku mbili za mawingu betri inadaiwa karibu wati-saa 470, na paneli hiyo inabakiza 44 tu kwa siku. Itachukua zaidi ya siku kumi kulipa deni, na mvua nyingine haitasubiri. Paneli ya wati 150 inatoa 420, inabakiza 184, na deni linaisha kwa siku mbili na nusu hivi. Kwa tofauti ya wati 50 umepata mfumo unaovuka Mei, basi hapa usibane pesa.

Kidhibiti chaji, kile mafundi wanachokiita kontrola, chagua cha ampea 20. Paneli ya wati 150 ya mfumo wa volti 12 hutoa karibu ampea 9, na inafaa kuacha nafasi ya robo zaidi. Kama paneli yako ni ya seli 36, yenye volti 18 wakati wa kazi, kontrola ya kawaida ya PWM itafanya. Ukiuziwa paneli kubwa ya volti 30 au 40 kwa sababu ni rahisi kwa kila wati, lazima kontrola iwe MPPT, aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea za kuchaji. Vinginevyo nguvu yote ya ziada inapotea bure, maana PWM huishusha paneli hadi volti ya betri.

Je, zile taa za kuchomeka?

Zina mahali pake, mradi ujue unanunua nini. Taa ndogo ya kuchomeka mchangani kwa kawaida hubeba betri moja ya volti 1.2 na 600mAh, yaani ampea-saa 0.6. Hiyo ni wati-saa 0.72. Ikiwaka saa nane, balbu inapata chini ya wati 0.1. Ni pambo la kuonyesha ukingo wa njia, haimuliki mtu. Weka hizo kando ya vyungu vya mrihani na usizitegemee kwa usalama.

Zile kubwa za kufunga ukutani, zilizoandikwa wati 200 au 300, pima mwenyewe dukani kwa rula. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri kwenye jua kali hutoa kama wati 200. Taa yenye paneli ya sentimita 30 kwa 25 ina eneo la mita za mraba 0.075, yaani wati 15 ikiwa inakabili jua sawasawa. Kwa saa 4 za jua, ukiondoa upotevu, umepata wati-saa kama 42. Gawanya kwa saa kumi na mbili: inaweza kuwaka wati 3.5 usiku kucha. Namba ya kwenye boksi ni ya kuuzia.

Ubaya mwingine wa taa hizi ni kwamba paneli na taa viko mahali pamoja. Pale unapotaka mwanga, chini ya mwembe, ndipo pasipo na jua. Ndiyo maana bustani yenye miti mikubwa hufaa mfumo wa paneli moja juani na waya kwenda kwa taa. Kama ni geti tu, taa moja iliyojitegemea inatosha, na utakuwa umejiepusha na kuchimba.

Waya mwembamba ni mwizi

Volti 12 hazisafiri mbali. Kanuni ni hii: zidisha urefu wa waya kwa 2, kwa ampea, kwa 0.0175, kisha gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Jibu ni volti zinazopotea.

Taa sita za njia zina wati 18, sawa na ampea 1.5. Umbali mita 20. Ukitumia waya wa kengele wa 0.5: 2 × 20 × 1.5 × 0.0175 ÷ 0.5 = volti 2.1. Betri ya volti 12 inafika mwisho wa njia ikiwa na kama 10, na taa ya mwisho inafifia au kumetameta. Kwa waya wa 1.5 unapoteza volti 0.7, kwa 2.5 unapoteza 0.42. Lenga usipoteze zaidi ya 0.5 au 0.6, hivyo njia hiyo ivutwe kwa 2.5. Geti lenye wati 7 kwa mita 30 linatosheka na 1.5. Kutoka paneli hadi kontrola tumia waya wa sola wa milimita za mraba 4, ambao ganda lake halipasuki kwa jua.

Ukipata waya wa shaba uliopakwa bati, lipa tofauti. Shaba tupu kwenye hewa ya bahari hunyonya unyevu ndani ya ganda, na baada ya miaka miwili ukiukata unakuta mweusi sentimita kadhaa kutoka kwenye ncha. Waya wa namna hiyo haushiki risasi tena, ni kukata na kutafuta sehemu safi.

Fukia waya ndani ya paipu ya plastiki, sentimita 45 kwenda chini mahali panapolimwa, na pale chini ni jiwe la matumbawe lisilochimbika, upitishe kando ya msingi wa ukuta. Usiunge waya ardhini kwa kuusokota na kuuzungushia tepu. Kila kiungo kiwe ndani ya boksi lisiloingiza maji, juu ya ardhi, waya ukiingia kutoka chini ili tone la mvua lianguke kabla ya kufika tunduni. Usisahau kuziba tundu. Sisimizi wanapenda boksi kavu kuliko mahali popote.

Paneli itazame kibla

Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Desemba jua la adhuhuri huwa kusini kwa nyuzi 19 hivi; Juni limeelekea kaskazini kwa nyuzi 27 hivi. Miezi yenye mawingu na mahitaji makubwa ni ile jua likiwa kaskazini, kwa hiyo paneli itazame kaskazini, na kwa Mombasa kaskazini na kibla ni karibu mstari mmoja. Ukijua msikiti wa mtaa unatazama wapi, huhitaji dira. Inamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha: kwa paneli yenye urefu wa mita 1.5, ukingo wa juu uwe juu zaidi ya ule wa chini kwa sentimita 26 hadi 39. Usiilaze bapa kabisa. Mvua haitaiosha, na matope yatajikusanya ukingo wa chini na kufunika safu nzima ya seli.

Kivuli kidogo hudhuru kuliko kinavyoonekana, kwa sababu seli zimeunganishwa mfululizo na moja ikizibwa inazibana nyingine. Jani moja la mkungu likinata juu ya paneli linaweza kukunyang'anya theluthi ya nguvu. Chagua mahali pasipo na kivuli kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Usiweke chini ya mnazi hata kama hakuna kivuli, maana nazi ikianguka hakuna kioo kitakachostahimili. Wala usifunge paneli juu ya makuti: waya wenye kiungo kibovu ukipata joto juu ya makuti makavu ni moto wa nyumba nzima. Mabati, zege, au nguzo.

Nguzo ya mita 3 ifukiwe sentimita 70, tundu la upana wa sentimita 30, zege la moja kwa mbili kwa nne (simiti, mchanga, kokoto). Hilo linakula kama theluthi ya mfuko wa simiti wa kilo 50. Mchanga usiwe wa ufuoni na maji yasiwe ya kisima cha chumvi, la sivyo chuma kitaanza kuoza ndani ya zege usipokiona. Acha siku saba kabla ya kupandisha paneli, kwani kusi ikivuma paneli inageuka tanga.

Bolti ziwe za stenlesi, ikiwezekana ile ya daraja la 316, na katikati ya stenlesi na fremu ya alumini weka washa ya nailoni. Vyuma hivyo viwili vikigusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe kuzunguka tundu la bolti.

Kufunga

Boksi la betri na kontrola likae kivulini, ukutani, mahali penye hewa. Betri yenye joto huzeeka haraka. Fyuzi ya ampea 15 ifungwe kwenye waya chanya, si zaidi ya sentimita 20 kutoka betrini. Usiiruke kwa kuwa ni volti 12 tu. Betri ya 50Ah ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea na waya unageuka kuwa mwekundu kabla hujafika kuuchomoa. Kila tawi la taa lipate fyuzi yake ya ampea 3.

Utaratibu wa kuunganisha: betri kwanza, kisha paneli, kisha taa. Kontrola husoma volti ya mfumo kutoka betrini, na ikianzishwa na paneli pekee inaweza kujipanga vibaya au kuungua. Ukifungua, rudi kinyumenyume. Funika paneli kwa blanketi unapounganisha, kwa sababu jua likiipiga ina umeme tayari. Kisha weka aina ya betri kwenye kontrola. Lithiamu iliyowekewa mpangilio wa betri ya maji hupigwa volti zisizoifaa, na hili ndilo kosa linaloua betri mpya nyingi.

Kontrola nyingi zina tundu moja la taa lenye mpangilio mmoja. Kama geti linawaka usiku kucha na njia saa nne, weka tundu hilo usiku kucha na tawi la njia lipitie taima ya volti 12. Kama hujiamini, tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Mafundi wa sola hupewa madaraja ya T1, T2 na T3, na mwombe akuonyeshe.

Zikianza kusumbua

Taa zinazima mapema: pima betri saa kumi na mbili asubuhi, jua halijagusa paneli. Betri ya jeli ikisoma 12.2 imebaki nusu; 11.8 imekwisha. Kwa lithiamu volti hazisemi mengi, maana hukaa karibu 13 muda mrefu kisha zinaporomoka ghafla, kwa hiyo angalia kama kontrola ilifika hali ya kujaa jana alasiri. Kama haikufika, panda ukaitazame paneli. Mara nyingi ni kinyesi cha kunguru au popo. Osha alfajiri, paneli ikiwa baridi, kwa kitambaa laini na maji matamu au ya mvua. Maji ya kisima cha chumvi yakikauka yanaacha utando mweupe, na utakuwa umeichafua upya.

Taa zinawaka na kuzima jioni: kontrola hutumia paneli kujua kumekucha au kumekuchwa. Taa ya jirani au ya barazani ikiipiga paneli, inadhani ni mchana. Geuza taa hiyo. Taa za kuchomeka zilizo karibu na taa ya stima huwa na ugonjwa huohuo.

Taa ya usalama inawaka yenyewe usiku wa manane: kabla ya kumshuku mtu, tazama sensa. Buibui akitanda mbele ya kioo chake, kila akipita taa inawaka. Tawi la bogenvilia linalochezeshwa na upepo hufanya vivyo hivyo. Pangusa, kata tawi, na uinamishe sensa isitazame barabara.

Taa moja tu imekufa kwenye njia nzima: fungua kifuniko chake kabla ya kununua nyingine. Ukikuta kijani kwenye skrubu, kata waya hadi upate shaba inayong'aa, funga upya, paka grisi kidogo, na uweke silikoni kwenye ukingo wa juu na pembeni. Chini usizibe. Maji yatapata njia ya kuingia tu, basi yaachie njia ya kutokea.